Soma majani ya nyanya kabla ya kukimbilia mbolea

DALILI ya mvua ni mawingu, na dalili ya mmea wenye njaa ni majani yake. Hata hivyo, si kila wingu huleta mvua, wala si kila jani la manjano huwa linaomba mbolea.

Mkulima wa nyanya anapoingia katika kivungulio chake asubuhi na kuona majani yamegeuka rangi, jambo la kwanza linalomjia akilini ni duka la pembejeo. Hununua mbolea ya kukuzia, akaiyeyusha ndani ya tangi na kuifungulia mimea. Wiki moja baadaye majani yangali ya manjano, naye huongeza mbolea. Kufikia wiki ya tatu kingo za majani zimeungua, maua yanapukutika na pesa zimekwisha mfukoni.

Kosa la mkulima huyo si uvivu wala uchoyo. Ni kutibu kabla ya kupima. Daktari hampi mgonjwa dawa ya malaria kwa sababu tu mwili wake una joto, kwani joto huletwa na maradhi mengi. Vivyo hivyo, umanjano wa jani una sababu nyingi, na baadhi yake huzidishwa na mbolea badala ya kuponywa nayo.

Gharama ya kubahatisha ni kubwa. Mnamo 2022, bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ilipita Sh6,000 katika maduka mengi nchini, hadi serikali ikaanzisha mpango wa mbolea ya ruzuku mwezi Septemba mwaka huo kwa Sh3,500 kila mfuko. Mbolea za kuyeyushwa majini, ambazo hutegemewa sana na wenye vivungulio, huuzwa kwa kilo na bei ya kila kilo huwa juu zaidi. Aliyenunua mbolea isiyohitajika amepoteza pesa mara mbili: kwanza dukani, kisha wakati wa mavuno.

Kwa nini kivungulio ni tofauti

Katika shamba la wazi, mmea hupata msaada kutoka pande nyingi. Mvua huosha chumvi iliyozidi, mizizi husafiri mbali kutafuta chakula, na mkulima hubadilisha mimea kutoka msimu mmoja hadi mwingine.

Ndani ya kivungulio hali si hiyo. Mvua haiingii. Kila tone la maji na kila chembe ya mbolea huletwa na mkono wa binadamu. Mizizi hukaa karibu na mpira wa matone, katika sehemu ndogo tu ya udongo. Aghalabu nyanya hufuata nyanya katika matuta yale yale, kwa sababu mkulima anataka kurudisha gharama ya ujenzi haraka.

Isitoshe, aina za nyanya zinazopandwa vivungulioni, kama vile Anna F1, huendelea kurefuka na kuzaa kwa miezi mingi. Mmea wa namna hiyo hula sana. Kosa la wiki moja hujionyesha kwenye vishada vya matunda ambavyo vitavunwa mwezi mmoja au miwili baadaye, wakati ambapo mkulima amekwisha kusahau kilichotendeka.

Kwa sababu hizo, anayelima ndani ya kivungulio anapaswa kujua kusoma majani kuliko jirani yake mwenye shamba la wazi.

Chakula cha mmea

Mimea huhitaji viini 17 ili iishi, ikue na kuzaa. Vitatu kati ya hivyo, yaani kaboni, haidrojeni na oksijeni, hutoka hewani na majini. Vilivyobaki 14 hutoka udongoni au katika mbolea.

Vile vinavyohitajika kwa wingi ni naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na salfa. Vinavyohitajika kwa kiasi kidogo mno ni chuma, manganizi, zinki, shaba, boroni, molibdenamu, klorini na nikeli. Kidogo hapa haimaanishi kuwa si muhimu. Ni kama chumvi katika mchuzi: hutiwa kidogo, lakini ikikosekana kila mlaji hutambua.

Katika karne ya 19, mwanasayansi wa Ujerumani, Justus von Liebig, alieneza kanuni ambayo wataalamu wa kilimo wangali wanaitumia. Kanuni hiyo husema kwamba ukuaji wa mmea huamuliwa na kile kirutubishi kilichopungua zaidi, wala si kwa jumla ya vyote vilivyopo.

Kanuni hii hufananishwa na pipa lililoundwa kwa mbao za urefu usiolingana. Hata mbao nyingine ziwe ndefu vipi, maji yatamwagikia pale penye ubao mfupi kuliko zote. Mkulima anayeongeza naitrojeni ilhali kinachokosekana ni magnesiamu anarefusha ubao ambao tayari ni mrefu. Pipa halitajaa.

Swali la kwanza: majani ya chini au ya juu?

Kabla ya kuuliza jani lina rangi gani, mkulima aulize jani hilo liko wapi. Jibu la swali hili moja hupunguza nusu ya kazi ya uchunguzi.

Sababu ni kwamba virutubishi havifanani kwa tabia. Kuna vile ambavyo mmea unaweza kuvitoa katika jani la zamani na kuvipeleka kwenye jani changa. Mmea hapa hutenda kama mzazi wakati wa njaa, ambaye hujinyima ili mtoto apate kula. Majani ya chini hutoa akiba yao, yakadhoofika, huku kilele kikiendelea kuwa kijani. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu zimo katika kundi hili.

Kundi la pili ni la virutubishi ambavyo vikishatua katika jani havitoki tena, au hutoka kwa shida. Hata jani la chini likiwa limeshiba, haliwezi kulisaidia jani changa. Vikipungua, dalili huanzia juu, katika majani mapya na vichipukizi. Hivi ni kalsiamu, boroni, chuma na shaba. Salfa, manganizi na zinki pia huonyesha upungufu wake zaidi katika majani machanga kuliko yale makuukuu.

Kwa hivyo, mkulima asimame mbele ya mmea, aangalie kutoka chini hadi juu, na aamue shida ilianzia wapi. Ikiwa mmea mzima umekwisha kuwa manjano, itamlazimu atafute mmea mwingine ambao ndio kwanza umeanza kuugua. Dalili changa husema kweli kuliko dalili zilizokomaa.

Dalili zinazoanzia chini

Naitrojeni ikipungua, majani ya chini hufifia rangi kwa usawa, jani zima pamoja na mishipa yake, kutoka kijani hadi manjano. Shina huwa jembamba, majani mapya huwa madogo na mmea hudumaa. Hakuna madoa wala mistari.

Naitrojeni iliyozidi nayo ina alama zake. Majani huwa ya kijani iliyokolea mno, manene na yenye kujikunja, shina huwa nene, na mmea huwa na majani tele lakini maua machache. Mkulima anayefurahia kijani hicho huenda akashangaa siku ya kuvuna.

Fosforasi ikipungua, mmea hudumaa na sehemu ya chini ya majani pamoja na mishipa huingia rangi ya zambarau. Dalili hii huonekana zaidi kwenye miche. Hata hivyo, mkulima wa maeneo ya baridi kama vile Limuru au Kinangop ajihadhari. Katika miezi ya Juni hadi Agosti udongo huwa baridi, na mizizi iliyopoa hushindwa kuchukua fosforasi hata ikiwa imejaa udongoni. Jua likirejea, zambarau hutoweka yenyewe katika majani mapya.

Potasiamu ikipungua, kingo za majani ya chini hugeuka manjano, kisha hukauka na kuwa kahawia kana kwamba zimepitishwa motoni, huku sehemu ya katikati ingali kijani. Matunda huiva kwa mabaka, sehemu nyekundu na sehemu ya manjano au ya kijani. Dalili hizi huja sana mmea unapobeba matunda mengi, kwani tunda la nyanya huhitaji potasiamu kwa wingi.

Magnesiamu ikipungua, jani la chini au la katikati huwa manjano katikati ya mishipa, ilhali mishipa yenyewe hubaki kijani. Jani huonekana kama ramani yenye mito ya kijani. Mara nyingi hali hii huletwa na mkulima mwenyewe aliyeongeza potasiamu kupita kiasi, kwani potasiamu ikizidi huizuia mizizi kuchukua magnesiamu.

Dalili zinazoanzia juu

Chuma kikipungua, mchoro huwa ule ule wa magnesiamu: manjano katikati ya mishipa ya kijani. Tofauti ni mahali. Ya chuma huanzia kwenye majani machanga kabisa ya kileleni, na hali ikizidi majani hayo huwa meupe. Mkulima asiyetazama mahali atatibu magnesiamu akidhani ni chuma, au chuma akidhani ni magnesiamu.

Salfa na naitrojeni nazo huchanganywa kwa njia hiyo hiyo. Zote mbili huleta manjano iliyoenea jani zima. Ya naitrojeni huanzia chini, na ya salfa huanzia juu.

Manganizi ikipungua, majani machanga na ya katikati hupata manjano hafifu baina ya mishipa, yenye mchanganyiko wa madoadoa. Zinki ikipungua, majani mapya huwa madogo na nafasi kati ya jani moja na jingine kwenye shina hufupika, hata kilele kikaonekana kama kimefumbatwa.

Boroni ikipungua, majani na vikonyo huwa vigumu na rahisi kuvunjika, vichipukizi hufa, na matunda hupata makovu ya rangi ya kahawia. Tahadhari inahitajika sana hapa. Tofauti kati ya boroni ya kutosha na boroni ya sumu ni ndogo, na mkulima asiitie kwa kukisia.

Kalsiamu ikipungua, ncha na kingo za majani machanga hukauka na kujikunja. Lakini dalili yake inayojulikana zaidi haionekani kwenye majani. Huonekana kwenye tunda.

Tunda lililooza kitako

Hakuna dalili inayowaumiza wakulima wa nyanya kuliko ile ya tunda kubwa, zuri, ambalo likigeuzwa huonyesha doa jeusi lililobonyea kitakoni. Wengi hudhani ni ugonjwa na kunyunyizia dawa za ukungu. Dawa hizo hazifui dafu, kwa sababu hapana ukungu ulioanzisha shida hiyo. Ukungu mweusi ambao huonekana baadaye huwa umekuja kula mahali palipokwisha kufa.

Chanzo ni uhaba wa kalsiamu ndani ya tunda. Ajabu ni kwamba udongo wenyewe mara nyingi huwa na kalsiamu ya kutosha.

Kalsiamu husafiri ndani ya mmea ikiwa imebebwa na maji yanayopanda kutoka mizizini. Majani hupumua maji mengi, na kwa hivyo huvuta kalsiamu nyingi. Tunda hupumua kidogo tu, na hupata mgao mdogo. Maji yakikosekana siku mbili, kisha yakafunguliwa kwa wingi siku ya tatu, tunda linalokua haraka hukatiwa chakula wakati linapokihitaji zaidi. Kitako, ambacho kiko mbali zaidi na kikonyo, ndicho hufa kwanza.

Kwa hivyo, tiba ya kwanza ya kitako kilichooza ni saa na mfereji: maji kidogo, mara kwa mara, kwa kipimo kisichobadilika ovyo. Mkulima anayeongeza mbolea ya kalsiamu bila kurekebisha maji hatapata nafuu kubwa. Aidha, mbolea zenye amonia nyingi huzidisha tatizo kwa kuzuia kalsiamu isiingie mizizini.

Matunda yaliyokwisha kuharibika hayaponi. Yafaa yaondolewe ili mmea uelekeze nguvu zake kwa vishada vinavyofuata.

Njaa katikati ya shibe

Kisa cha kalsiamu chafunza jambo ambalo lahusu virutubishi karibu vyote. Dalili ya jani humwambia mkulima kwamba mmea haupati kitu fulani. Haimwambii kwamba kitu hicho hakimo udongoni.

Kizuizi cha kwanza ni asidi ya udongo, ambayo hupimwa kwa kiwango kiitwacho pH. Nyanya hustawi zaidi katika udongo wenye pH ya kati ya 6.0 na 6.8. Ikishuka sana, fosforasi hushikwa na madini ya alumini na chuma yaliyo udongoni, na mizizi haiwezi kuinyakua. Ikipanda kupita 7, chuma, manganizi na zinki hugeuka kuwa vitu visivyoyeyuka.

Sehemu nyingi za nyanda za juu za Magharibi na Kati mwa Kenya zina udongo wenye asidi. Matumizi ya miaka mingi ya mbolea zenye amonia, DAP ikiwemo, huongeza asidi hiyo. Mkulima wa maeneo hayo anaweza kumwaga fosforasi kila msimu na mimea ikaendelea kuwa ya zambarau. Anachohitaji ni chokaa ya kilimo, ambayo hutiwa na kuchanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Chokaa aina ya dolomiti huongeza pia magnesiamu.

Kwa upande mwingine, wakulima wa maeneo makavu wanaotegemea maji ya visima vya kuchimbwa hukumbana na kinyume cha hayo. Maji ya baadhi ya visima, hasa katika Bonde la Ufa, yana magadi mengi. Yakimwagwa kila siku kwa miezi, pH ya udongo hupanda polepole na majani ya juu huanza kuwa manjano kwa kukosa chuma. Kuweka mifereji pembezoni mwa paa la kivungulio na kutega maji ya mvua ni mojawapo ya njia za kupunguza tatizo hilo.

Kizuizi cha pili ni maji yenyewe. Udongo mkavu hauwezi kuyeyusha mbolea. Udongo uliojaa maji nao huinyima mizizi hewa, na mizizi isiyopumua haili. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa sehemu za Mwea, hushika maji kwa muda mrefu na huhitaji uangalifu wa pekee.

Kizuizi cha tatu ni chumvi. Kila mbolea ya kuyeyushwa ni chumvi ya namna fulani, na kwa kuwa mvua haiingii katika kivungulio, masalio yake hujilimbikiza. Ukoko mweupe juu ya udongo au pembeni mwa matundu ya mpira ni ishara yake. Udongo ukiwa na chumvi nyingi, mizizi hushindwa kuvuta maji, na majani huungua kingo kana kwamba potasiamu imepungua. Hapa kuongeza mbolea ni kumwagia moto mafuta. Dawa yake ni kupunguza mbolea na kuuosha udongo kwa maji safi, mradi yapate mahali pa kupitia.

Wakati ambapo si njaa kabisa

Mkulima akisharidhika kuhusu maji, asidi na chumvi, bado atajiuliza kama mmea una njaa au una adui.

Utitiri hufyonza majani kutoka upande wa chini na kuyaachia vidoa vidogo vya manjano ambavyo kwa mbali hufanana na uhaba wa magnesiamu. Jani likigeuzwa, wadudu wadogo mno na nyuzi kama za buibui huonekana. Kioo cha kukuzia ni msaada mkubwa.

Nzi weupe hueneza virusi ambavyo husababisha majani machanga kuwa madogo, ya manjano kingoni na yenye kujikunja kuelekea juu. Mmea hudumaa. Hakuna mbolea iponyayo virusi.

Minyoo wa mizizi, ambao hawaonekani kwa macho, huufanya mmea kuwa manjano na mdhaifu kana kwamba hauna naitrojeni. Mmea mmoja ukichimbuliwa kwa uangalifu, mizizi yake hukutwa na vinundu vingi. Minyoo hawa huongezeka nyanya zinapopandwa mfululizo mahali pamoja.

Mnyauko wa bakteria hujitambulisha kwa mmea kunyauka ghafla ungali kijani. Ili kuhakikisha, kipande cha shina la chini hukatwa na kutumbukizwa katika glasi ya maji masafi. Uzi mweupe kama maziwa ukitiririka kutoka kwenye shina baada ya dakika chache, basi ni bakteria. Mmea huo hauna budi kung'olewa na kuondolewa. Mnyauko unaoletwa na ukungu wa Fusari nao mara nyingi huanza kwa majani ya upande mmoja tu wa mmea kuwa manjano, jambo ambalo njaa halifanyi.

Kuna pia madhara yaletwayo na bomba la kunyunyizia. Nyanya huathirika upesi na baadhi ya dawa za kuua magugu. Bomba lililotumiwa shambani kwa dawa hizo, kisha likatumiwa ndani ya kivungulio, huweza kuyafanya majani machanga kuwa membamba na yenye kujisokota. Ni busara kuwa na mabomba mawili, kila moja na kazi yake.

Mwisho, uzee si ugonjwa. Majani mawili matatu ya chini kabisa, chini ya kishada kinachoiva, huwa manjano kwa sababu yamemaliza kazi yake. Hayo hukatwa tu.

Hatua za uchunguzi

Mkulima anaweza kufuata hatua hizi kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Kwanza, atazame mpangilio wa shida katika kivungulio kizima. Njaa ya kweli huenea kwa usawa au hufuata tuta zima. Shida iliyo kwenye mmea mmoja hapa na mwingine kule huelekea kuwa ugonjwa. Shida iliyo mwishoni mwa kila mpira huashiria maji yasiyofika au matundu yaliyoziba.

Pili, achague mmea wenye dalili changa na kuamua kama ilianzia juu au chini, kisha kama manjano imeenea jani zima, iko katikati ya mishipa au iko kingoni.

Tatu, ageuze jani, achimbue mmea mmoja na kuangalia mizizi. Mizizi yenye afya ni myeupe. Ya kahawia na yenye kunyofoka imeoza.

Nne, atie kidole udongoni hadi kina cha kiungo cha pili. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope wala vumbi.

Tano, apime pH ya udongo na ya maji.

Sita, apeleke udongo kwenye maabara. Huduma hiyo hupatikana katika maabara ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo nchini, KALRO, iliyoko Kabete, Nairobi, na pia katika maabara za vyuo vikuu na za kibinafsi. Afisa wa kilimo wa kaunti aweza kumwelekeza mkulima.

Ili matokeo yawe ya kuaminika, udongo huchukuliwa kutoka sehemu 10 hadi 15 za kivungulio kwa kupita mshazari, kina cha sentimita 20, na kuchanganywa katika ndoo safi ya plastiki. Nusu kilo ya mchanganyiko huo hutiwa katika mfuko safi na kuandikwa jina, mahali na tarehe. Udongo usichukuliwe mahali palipomwagwa mbolea karibuni, wala ndoo isiwe ile ya kubebea samadi. Wakati mwafaka zaidi ni kabla ya kupanda, wakati ambapo chokaa na samadi bado vinaweza kuchanganywa.

Kujaribu kidogo kabla ya kutibu

Hata baada ya hatua hizo, si lazima mkulima atibu kivungulio kizima kwa siku moja. Mimea kumi ya tuta moja yatosha kwa majaribio.

Akishuku magnesiamu, kwa mfano, aweza kuyeyusha gramu 10 hadi 20 za magnesiamu salfeti kwa kila lita ya maji na kuinyunyizia mimea hiyo kumi jioni, jua likiwa limepungua. Mingine huiacha kama ilivyo. Baada ya wiki moja au mbili hulinganisha.

Akishuku chuma, hutumia kile cha cheleti, ambacho hakishikwi upesi na udongo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Jambo la kukumbuka ni kwamba jani lililokwisha kukauka halirudi kuwa kijani. Mkulima anayelitazama jani hilo hilo kila asubuhi atadhani tiba imeshindwa, naye ataongeza dozi. Dalili ya kupona hutazamwa kwenye majani yanayozaliwa baada ya matibabu, na kwa jani la chini, iwapo umanjano umekoma kupanda.

Aidha, kunyunyizia majani ni huduma ya kwanza tu. Ikiwa pH, maji au chumvi ndiyo shina la tatizo, dalili zitarejea mara unyunyiziaji utakapokoma.

Inafaa pia kununua mbolea kwa muuzaji aliyesajiliwa na kuhifadhi risiti pamoja na mfuko. Mnamo 2024 ilibainika kuwa mbolea isiyotimiza viwango ilikuwa imewafikia wakulima nchini, hata kupitia mpango wa ruzuku. Aliyefanya uchunguzi wote kwa usahihi kisha akatia mbolea isiyo mbolea hawezi kujua kosa lilikuwa wapi asipokuwa na kumbukumbu.

Daftari la shilingi hamsini

Chombo cha mwisho katika kazi hii ni daftari na kalamu. Humo mkulima huandika tarehe ya kupanda, kila mbolea aliyotia na kiasi chake, muda wa kufungua maji, tarehe aliyoona dalili ya kwanza, mahali ilipoanzia na alichokifanya.

Msimu mmoja wa maandishi hayo huwa mwalimu wa msimu unaofuata. Mkulima hugundua, kwa mfano, kwamba vitako vyeusi vilijitokeza wiki mbili baada ya pampu kuharibika, au kwamba majani ya mito ya kijani yalifuata kuongezwa kwa potasiamu. Afisa wa kilimo naye, akilisoma daftari hilo, ataweza kutoa ushauri wa maana kuliko anapoonyeshwa jani moja lililonyauka kiganjani.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini anayetaka kuziba ufa sharti kwanza ajue uko ukuta upi. Kwa mkulima wa kivungulio, kazi hiyo huanzia kwa jani moja la manjano, na kwa swali kama lilitokea chini au juu.